Mayai ya Kobe Jikoni kwa Anyitike

Mwaka 1954 Anyitike alikwenda Ubaruku, bondeni kwenye joto, kumsalimia dada yake, akakuta jembe limefukua mayai sita ya kobe shambani. Waliokuwa wakilima walitaka kuyatupa. Yeye aliyapanga kikapuni juu ya udongo, bila kuyageuza, akarudi nayo kwake Mbeya kwenye baridi. Aliyafukia kwenye chungu cha mchanga, akakiweka karibu na mafiga, na kila siku alikipapasa kwa kiganja, joto lisije likayapika.

"Mama Lusia, mchanga wako bado haujaiva?" mumewe, Asukile, alimtania kwa miezi minne.

Jumapili moja, akichochea moto kabla ya kwenda kanisani, Anyitike aliona mchanga ukitikisika. Kichwa kidogo kama harage kikachomoza.

"Baba Lusia! Njoo! Njoo uone!"

Asukile alikuja mbio, povu la sabuni ya kunyolea bado mashavuni, akapiga magoti na kunyoosha kidole.

"Usimguse! Mwache atoke mwenyewe!"

Kobe akatoka, akafuatwa na wa pili. Anyitike alicheka huku machozi yakimtoka. Kanisani hawakwenda. Ibada ilipokwisha, waumini ndio waliojaa jikoni kwao, na Asukile akawasimulia kana kwamba mayai yale aliyaatamia yeye.