Twiga wa Kila Mlima

Fundi cherehani alijiunga na msafara wa baiskeli akijigamba kwamba amekanyaga pedali tangu ujana. Hakusema kwamba cherehani haina milima. Kila mlima ulipomshinda, alishuka, akanyoosha pindo la kaptula kwa kidole gumba kama anayemkabidhi mteja, kisha akaonyesha vichakani: "Twiga!" Wote walisimama. Hakuna aliyemwona twiga, wala aliyekuwa na haraka ya kuondoka. "Keshajificha," alisema huku akihema, akijicheka moyoni: mtu mzima na mvi zake, anamsingizia mnyama.

Mlima wa mwisho mbugani aliapa kuupanda bila kushuka. Katikati, twiga wa kweli akajitokeza kando ya barabara, karibu hata kope zake zinaonekana. Fundi akanyoosha kidole, akafungua kinywa, pumzi hakuna. Akaanguka taratibu pamoja na baiskeli, kidole kikiwa bado hewani.

"Shemeji, leo hata kumtaja huwezi?" akacheka mdogo wa mkewe, kiongozi wa msafara, kabla hajageuka na kumwona twiga mwenyewe.

Twiga hakukimbia. Aliinamisha shingo, akitafuna, akamtazama fundi kama mtu aliyechoka kuitwa kila mlima, sasa kaja mwenyewe kusikia kuna shida gani. Fundi, chali vilevile, akanyoosha pindo la kaptula.