Kimashine cha Mwalimu Paskasi

Mwalimu Paskasi wa Maisaka alirudi kutoka masomoni Ulaya na kimashine alichokiunda mwenyewe, cha kupimia nguvu inayoshikamanisha vipande viwili vya madini ya ulanga vinapogusana, nguvu ndogo kuliko uzito wa mguu wa sisimizi. Akawa anangoja umeme akiwashe. Umeme wenyewe ungetoka wapi enzi zile!

Ukaja msako wa wahujumu uchumi, ambapo mali isiyo na risiti iliweza kumfunga mtu. Mkewe Mektilda alipoona mgambo wanaingia kwa jirani, alikikumbuka kile kitu cha kigeni kisicho na risiti, akakitumbukiza chooni.

Mgambo wakaja kwao, wakapekua, wakachukua kipande cha sabuni kilichobaki, wakaaga kwa adabu.

"Afadhali, Baba Herieli," alisema Mektilda. "Wangekikuta, wangekuuliza ni nini."

"Wangeuliza," Paskasi alijibu. "Tangu nirudi, hakuna aliyewahi kuniuliza."