Kigoda cha Murielle Chakosa Foleni

Foleni za Johannesburg zote zilimjua Murielle, au tuseme zilikijua kigoda chake. Msusi huyu wa Bellevue, mzaliwa wa Lubumbashi, akiwa na shida ya makaratasi aliwahi alfajiri, akatua kigoda, akawaambia walio nyuma, "Hapo niko miye," kisha huyoo nyumbani kunywa chai. Watu wanapigwa baridi, kigoda chake wanakisogeza kwa adabu! Akirudi, zamu imefika.

Mwaka 2018 aliitaka nafasi ya shindano la kusuka huko Midrand hadi akakosa usingizi. Alitaka jina lake litajwe kwenye kipaza sauti, wasusi wa mji mzima wasikie. Uandikishaji, waandaaji wakasema, ni foleni ya mtandaoni, saa nne asubuhi. Murielle akacheka. Foleni? Yeye? Alfajiri alikwisha kufungua ukurasa, akailaza simu juu ya kigoda.

Nasra, binti wa Tanga aliyekodi kiti cha pili saluni mwa Murielle, aliingia saa nne kasoro, mkono mmoja simu yenye ukurasa uleule, mkono mwingine andazi.

Saa nne mashine ikawachanganya waliosubiri kama karata, ikagawa namba. Nasra akaangukia mbele. Murielle akatupwa maelfu huko nyuma, na nafasi zenyewe mia tu.

"Yesu wangu! Miye nimewatangulia wote! Haki iko wapi?"

"Hiyo kura, dada, haimjui aliyewahi," Nasra akasema. "Ya haki kiulize kigoda chako. Kimewapita wangapi waliosimama kwa miguu yao?"

Wateja wakaangua kicheko. Murielle alinuna, kisha akalia machozi ya kweli, maana kwa kusuka Nasra hamfikii hata robo.

Nafasi haikuruhusiwa kubadilishwa jina. Ila kila msusi alitakiwa aje na mtu wa kusukwa.

"Dada, niazime kichwa," Nasra akabembeleza.

"Eish! Una wazimu, wewe."

Hata hivyo Murielle akaenda. Kipaza sauti kikatangaza: "Msusi, Nasra. Kichwa, Murielle." Ndiyo hivyo, jina limetajwa.

Nasra akaanza kusuka, mstari wa kwanza ukapinda. Murielle aliuhisi kabla jaji hajauona. Angenyamaza tu, roho yake ingetulia. Akauma meno, akahesabu maudhi yake yote, halafu akanong'ona:

"Fumua, umepinda. Anzia sikioni."

Nasra akafumua. "Inama kidogo, dada."

Murielle akainama.