Siku Nilipomkimbiza Baba Mkwe kwa Baiskeli ya Umeme

Chekeni tu jamani, mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka mbavu zimezoea, ila msiniulize tena mbele za watu kama ni kweli nilimkimbiza baba mkwe wangu kichochoroni mchana kweupe, maana ni kweli, na aibu yake bado ninayo, kila nikipita pale dukani lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Mama Tusa, leo unamfukuza nani?"

Kwanza mnielewe. Mimi ni Mhehe wa Ilula, nimekulia kwenye matenga ya nyanya kando ya barabara kuu, kwetu baba mkwe unamsalimia kwa adabu zako, unampa maji ya kunawa, yanaisha. Nikaolewa Mbeya, huku mtaa wa Soweto, na Ambakisye, Mnyakyusa mpole kabisa, na ndipo nikajifunza kwamba kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemeshani, ukimwona anakuja njia hii wewe unaingia njia ile, na yeye naye anakukwepa hivyohivyo, ndiyo heshima yenyewe. (Siku hizi mjini wengi wameacha, lakini mzee wetu ni wa zamani zile zenyewe.) Nikaishika hiyo heshima kwa mikono miwili, mpaka mama mkwe akawa ananisifia kwa wenzake kwamba Mhehe wake ana adabu kuliko waliozaliwa hukohuko Tukuyu. Mzee mwenyewe nilimjua kwa kofia tu, kofia moja ya kijivu, nikiiona kwa mbali natokomea.

Sasa baiskeli. Ilikuwa ya umeme, imeachwa na mgeni mmoja aliyepanga jirani, mota yake ndogo, ikiona mlima inaanza kulia, na mimi nyanya zangu zinashushwa na basi kule chini barabarani, natakiwa kuzipandisha mpaka gengeni. Nikaamua kuifumua yote. Nawaambia sijawahi kuwa na raha kama ile! Sebuleni kwetu kulikuwa na spoki mpaka chini ya kochi, naangalia video kwenye simu huku nanyonyesha, naagiza mota ya wati elfu moja na mia tano, naagiza kontrola, yaani lile boksi la kuiamuru mota, naagiza betri kubwa, nafunga tairi upya spoki moja baada ya nyingine, fundi wa kuchomelea ananitengenezea keria ndefu ya kubeba matenga mawili. Siku niliyowasha mara ya kwanza nikiwa nimeinua tairi hewani, ikazunguka, vuuuu, nikapiga kigelegele peke yangu, mtoto akaamka.

Ambakisye hakupiga kigelegele. Alikuwa na rafiki yake mchimbaji wa dhahabu kule Chunya, ambaye alikuwa ameshaiona na anataka kuinunua hata kesho, na mume wangu akaniambia taratibu, vile anavyosema mambo mazito, "Mama Tusa, wazazi wanakuja ubatizo wa mtoto. Hii kitu ikinitia aibu mbele ya baba, inaenda Chunya." Nikasema sawa, nitakosa nini? Nilikuwa nimeifanya vizuri kila mahali.

Kila mahali isipokuwa pawili. Pa kwanza, vishikio vya breki vina waya mdogo, ukikamata breki ule waya unaiambia mota ikate, na vichwa vya waya wangu vya zamani havikuingiliana na kontrola mpya, nikasema aa, nitaunga Jumatatu. Pa pili ndipo paliponiua. Mbeya mwezi wa sita mnaijua, asubuhi vidole vinaganda, na kile kishikio cha kulia unachozungusha kuongeza kasi (vijana wa bodaboda wanakiita mafuta, hata kama mafuta hamna) kilikuwa cha baridi kama barafu. Nikaona kwenye kamba soksi ya mtoto, ya sufu, nyeupe, nzito, nikaikata kule kwenye vidole, nikaivalisha kishikio. Ikakaa! Nikajipongeza hadi nikapiga picha.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake ndiyo ubatizo. Mama mkwe alikuwa ameshafika tangu juzi, yuko uani na kina mama wa jumuiya wanamenya ndizi, na mzee tuliambiwa atakuja jioni. Nikasema nishuke mara moja nikachukue nyanya. Nikajifunga kanga kichwani, nikashuka, kufika barabarani basi la nyanya halijaja, nikageuza nirudi, nikavuta, na ile baiskeli ikaruka! Mlima ambao huwa nasukuma huku nimeinama, niliupanda nimekaa nakula upepo, nikawapita vijana wa bodaboda wawili, mmoja akaita, "Mama, hiyo umefunga injini ya nini?" na mimi badala ya kujibu nikavuta zaidi, maana sifa hizi jamani, sifa zinaua.

Nikarudisha mkono, kishikio hakikurudi. Soksi ilikuwa imejikunja ikaingia kwenye upenyo, uzi wake umejisokota mle ndani, na kadiri nilivyokizungusha ndivyo ilivyozidi kukaba. Nikakamata breki, mota haina habari (waya si wa Jumatatu?), breki zinanuka mpira unaoungua, mota inasukuma, mimi nazuia, tunakwenda tu. Swichi ya kuzimia niliiweka chini ya kiti, nyuma ya mfuko wa betri, kwa kuwaogopa wezi. Mwizi mwenyewe angeshindwa kuizima, sembuse mimi niliyeikalia.

Na mbele yangu, kando ya barabara, nikaiona kofia ya kijivu.

Mzee alikuwa amewahi basi la asubuhi. Mtu mwenye akili angepiga kelele, "Baba, nisaidie!" Mimi ubongo wangu ukakumbuka jambo moja tu, heshima. Nikashusha kanga usoni, nikakata kushoto, nikaingia kwenye kichochoro kinachopita nyuma ya nyumba zetu. Kumbe na yeye ameniona, na yeye ana heshima zake, akageuka haraka akaingia kwenye kichochoro hichohicho kwa mlango wa pili ili anipishe barabara.

Tukakutana pale milango yote miwili inapoungana kuwa njia moja. Kichochoro chenyewe upana wake ni baiskeli moja na ukuta.

Kumsemesha siwezi, kumwangalia siwezi, kusimama ndiyo kabisa. Nikapiga kelele kuelekea mbinguni, "Jamani mtu apite, haina breki!" Mzee akageukia ndani, akashika kofia kwa mkono mmoja na mfuko wa parachichi kwa mwingine, akatoka mbio. Na mimi nyuma, nimejifunika uso, nachungulia kwa tundu la kanga, miguu yote miwili naburuza chini, mota inanguruma. Kile kichochoro kinaishia wapi? Uani kwetu.

Kwa hiyo walichoona wale kina mama wa jumuiya, na mama mkwe wangu aliyekuwa ananisifia adabu, na mume wangu, ni mzee wao akichomoka kichochoroni mbio, parachichi zinadondoka, na mkamwana wake anamfukuza. Mzee akapinda akajitupa nyuma ya jiko. Mimi nikapita moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, nikabeba mashuka mawili, nikaingia kwenye rundo la maganda ya ndizi na hapo ndipo tukalala, mimi chini, baiskeli juu, tairi bado linazunguka na kurushia watu maganda. Nikapapasa chini ya kiti, nikazima.

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Mama mkwe akaja, akamwita Mungu kwa Kinyakyusa, "Kyala!", nikadhani ameniona damu gotini. Hapana. Alikuwa anaangalia kishikio.

"Hii si soksi ya mtoto? Nimeifuma mimi, ya ubatizo. Naitafuta tangu asubuhi!"

Ambakisye akatoa simu mfukoni, na sikuhitaji kuuliza anampigia nani. Nikakaa palepale kwenye maganda nikalia, kweli nililia, si kwa goti, ni kwa zile spoki zote.

Basi nyuma ya jiko ikatoka sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia karibu hivyo. "Wewe baiskeli," ikasema. Watu wote wakageuka. "Wewe baiskeli, umenitegua mguu. Kesho kanisani ni mlimani. Nani atanipandisha?"

"Baba, nitakutafutia gari," Ambakisye akasema, simu sikioni.

"Sijaongea na wewe. Naongea na baiskeli."

Ambakisye akashusha simu. Mimi nikanyanyuka bila kufuta machozi, nikachukua koleo na tepu ya umeme, nikakata vile vichwa visivyoingiliana nikaunga waya kwa waya, na ile kazi niliyokuwa nimeiweka Jumatatu ikaisha kabla ndizi hazijaiva. Nikajaribu mara nyingi mpaka mama mkwe akaniambia niache kuichosha.

Jumapili Ambakisye akasema ataendesha yeye. Akafika getini, akaingia kwenye ua wa jirani. (Hilo naye hapendi lisimuliwe.) Mzee akasema, kwa baiskeli tena, kwamba mwenye kuijua aiendeshe, yeye atakaa kinyume. Kwa hiyo nikakaa mbele nikitazama mlima, yeye kwenye keria akitazama tulikotoka, mgongo kwa mgongo, na mama mkwe akatuwekea mto katikati ili heshima ikae. Hakuna aliyemwona mwenzake.

Nilipanda polepole, namwogopa. Katikati ya mlima nikasikia nyuma, "Baiskeli, ndiyo nguvu zako zote hizo?"

Nikavuta. Ikaruka! Watu wa kanisani wakasogea pembeni, vigelegele, na nikahisi ule mto unatikisika, nikaogopa mzee anaanguka, kumbe anacheka, baba mkwe wangu anacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia. Getini nikakamata breki, mota ikakata palepale, akashuka kwa upande wake, akaweka kofia sawa.

"Ndaga fijo, baiskeli," akashukuru. "Na usiende Chunya."

Tusa alibatizwa na soksi moja, mguu wa pili tukauficha kwenye shali, picha zipo. Nami nimeapa: waya wa breki kwanza, sifa baadaye, na soksi ni ya mtoto. Vidole vikiganda, vigande.