Likizo ya Kwanza Isiyo ya Msiba

Saa moja kasoro asubuhi, Kiwalani. Moshi mwembamba unatoka kwenye dirisha la nyuma la kiwanda kidogo cha viungo, na wanafunzi wanaopita kuelekea shuleni wanapiga chafya mmoja baada ya mwingine bila kushangaa, kama watu waliokwisha kuzoea. Ndani, Tupokigwe Mwaipaja amesimama mbele ya karai pana kuliko meza ya chakula, mwiko mrefu wa mbao mkononi, anageuza giligilani.

Amejifunga kitambaa puani. Mara kwa mara anageukia ukutani, anakohoa, kisha anarudi kwenye karai lake.

"Usitazame rangi peke yake," anamwambia Vaileth, mama wa watoto wawili anayejifunza kazi hiyo. "Sikiliza. Ikianza kulia kama mvua ya rasharasha kwenye bati, punguza moto."

"Mama, mie hapa nasikia kikohozi chako tu," anajibu Vaileth.

Wanacheka wote wawili, na kicheko kinamletea Tupokigwe kikohozi kingine.

Vaileth anafundishwa kwa sababu mwalimu wake anaondoka. Baada ya miaka kumi na tisa mbele ya karai, daktari amemshauri Tupokigwe, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, aachane na vumbi la pilipili. Ushauri huo ameupokea bila kunung'unika. Lililomkosesha usingizi ni jingine: likizo ambazo hakupata kuzichukua, na namna ya kuzimaliza kabla hajatoka kazini.

"Watu waliniambia, chukua hela zako uende," anasema. "Hela siikatai. Ila mie nilichokuwa nakitaka ni siku."

Alizaliwa Rungwe, katika kijiji kilicho juu kidogo ya Tukuyu, mahali ambapo ukungu huingia hadi jikoni. Alikuja Dar es Salaam akiwa ameolewa, akabaki akiwa mjane, na binti yake, Lusungu, akamlea kwa mshahara wa kiwandani. Leo mshahara huo ni shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi. Chumba kimoja cha kupanga, chakula na nauli za Lusungu za miaka ya shule vimepita humo humo.

Mama yake mzazi bado yuko hai. Ana miaka themanini na kitu, macho yamepungua, na anaishi katika nyumba ile ile chini ya mgomba ule ule uliozaa vizazi vya migomba. Kwa miaka yote hiyo, Tupokigwe amekwenda kumwona mara chache, na kila alipokwenda alikuwa anakwenda kuzika. Alizika baba, akazika kaka wawili, akazika shangazi aliyemlea. Ruhusa ya msiba huwa fupi. Alifika kaburi likiwa limechimbwa, akaondoka matanga hayajaanuliwa.

"Kwetu wakiniona nashuka kwenye gari, wanaanza kulia kabla sijasalimia," anasema. "Watoto wa ndugu zangu wananijua kwa nguo nyeusi. Nikajiambia, mama yangu asife kabla hajaniona nimefika siku ambayo hakuna aliyekufa."

Kwa nini asingesubiri aache kazi kwanza, ndipo aende akae apendavyo? Swali hilo aliulizwa hata na Lusungu. Jibu lake ni la mtu aliyekulia kijijini na kuzeekea mjini.

"Aliyeacha kazi akifika nyumbani anaulizwa maswali. Umekosana na nani, umepewa kiasi gani, utakaa kwa nani. Aliye likizo anaulizwa habari za huko, basi, anawekewa kiti. Nilimwahidi mama nitakuja likizo. Sikumwahidi nitakuja kwa kuwa kifua kimenishinda."

Kiwanda ni cha familia ya Mzee Sadruddin, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi ambaye babu yake aliuza viungo jijini kabla yake. Sasa ana miaka sabini na miwili, na shughuli za kila siku amezikabidhi kwa binti yake, Shelina. Mzee bado huja kila asubuhi, hukaa karibu na mizani, hunusa anachotaka kukinusa, kisha hunywa chai ya tangawizi.

Siku Tupokigwe alipomweleza kwamba ataondoka mwisho wa mwezi unaofuata, na kwamba angependa kwanza apate likizo yake, mzee alishangaa kwa dhati.

"Likizo ipi tena, Mama Lusungu? Si kila Muharram unapumzika siku kumi? Na Krismasi tunafunga. Mimi kila mwaka nahesabu nimekupa."

Hapo ndipo ilipofichuka tofauti iliyokuwa imelala kati yao kwa miaka bila yeyote kuiona. Katika siku kumi za mwanzo wa Muharram, familia hii ya Kishia huzima mitambo ya kusagia na kubaki nyumbani kwao Upanga, katika maombolezo ya Imam Hussein. Wafanyakazi huambiwa wasije, na mshahara hauguswi. Kwa mzee, hiyo ilikuwa likizo aliyoitoa kwa mkono mkunjufu.

Lakini Tupokigwe hakubaki Kiwalani. Mwaka wake wa kwanza, Mama Khatun, mama mzazi wa Sadruddin, ambaye sasa ni marehemu, alimwomba asaidie jikoni. Akaenda Upanga. Akaosha mchele, akamenya vitunguu, akashinda akikoroga ngano na nyama za bokoboko la kugawiwa waombolezaji. Mwaka uliofuata hakuombwa, akaenda. Yeye ni Mmoraviani, binti wa mzee wa kanisa. Hakuwahi kuona kwamba hilo linamzuia kukaa jikoni kwa watu wanaolia.

"Ungenidai basi malipo ya jikoni," Mzee Sadruddin alimwambia siku ile, akiwa ameanza kufadhaika. "Kwa nini hukuniambia ni kazi?"

"Haikuwa kazi, Mzee. Msibani mtu halipwi."

"Basi ilikuwa mapumziko."

"Wala haikuwa mapumziko. Nilikuwa msibani kwenu."

Shelina alikuwapo, na anakumbuka namna baba yake alivyokiweka kikombe chini bila kunywa. "Sisi tunawaambia watoto wetu kwamba kila Muharram tuko msibani," anasema. "Anti Tupo ndiye aliyekuwa ameliamini neno hilo kama lilivyo, na sisi tukawa tunamwandikia kwamba yuko likizo. Baba hakulala vizuri."

Ni vigumu kusema kwamba kuna aliyemdhulumu mwenzake kwa kusudi. Mzee alitoa siku, na siku zile zilipokewa. Ila zilipokewa kama jirani anavyopokea habari ya kifo: akajifunga kanga kiunoni na kwenda. Mtu akitoka huko hasemi kwamba amepumzika, hata kama mwajiri wake ndiye mfiwa.

Kesho yake mzee alikubali kwamba siku za Muharram zisihesabiwe tena. Tupokigwe anadai likizo zake, akasema, na apewe. Ikaonekana kama jambo limekwisha. Ndipo Shelina, ambaye amesomea sheria na anapenda mambo yafungwe vizuri, akaleta habari ambayo hakuna aliyeitaka.

"Anti, shikamoo. Nina neno gumu," alianza.

"Marahaba, mwanangu. Sema tu, nimeshasikia magumu."

Akamweleza kwamba sheria ya kazi inampa mfanyakazi siku ishirini na nane za likizo kwa mwaka, lakini haimruhusu mwajiri kuzichanganya na muda wa notisi. Anayesubiri kuondoka hukaa kazini mpaka mwisho, na likizo iliyobaki hulipwa fedha. Kwa kuwa Tupokigwe alikwisha kutoa notisi, kilichobaki ni malipo.

"Nilijiona mjinga," anasema Tupokigwe. "Nilikimbilia kuaga, nikidhani ndiyo adabu. Kumbe ningeomba likizo kwanza, nikaenda, nikarudi, ndipo niage. Nimeanza na mguu wa nyuma."

Jioni hiyo hakumpigia mama yake simu. Alimpigia Lusungu, ambaye anafundisha shule ya awali Mbweni. Lusungu alimshauri achukue fedha, wapande basi wote wawili Desemba. Lakini Desemba ilikuwa mbali, na wiki ile ile mpwa wa Tupokigwe alikuwa ameleta habari kutoka kijijini kwamba bibi hashuki tena kitandani bila kushikwa mkono.

Aliyepata njia ni Mzee Sadruddin. Asubuhi alipoingia hakukaa karibu na mizani. Alikwenda moja kwa moja kwenye karai, mahali ambapo huwa hafiki kwa sababu ya moshi.

"Mama Lusungu, yale uliyoniambia kuhusu kuondoka, uliniambia mdomoni tu?"

"Mdomoni tu, Mzee. Shelina alisema barua tutaandika baadaye."

"Basi hukuniambia."

"Nilikwambia, Mzee. Ulikuwa unakunywa chai."

"Ninasema hukuniambia. Chukua likizo yako, nenda kwa mama. Ukirudi, njoo uniambie, mimi nitasikia."

Shelina alikiri kwamba notisi isiyo ya maandishi haihesabiki, lakini alipinga kidogo, kwa haki kabisa. Vaileth alikuwa amekwisha kuahidiwa nafasi na mshahara wa mkaangaji, na kiwanda hakina uwezo wa kulipa wawili kwa kazi ya mmoja kwa muda mrefu. Baba yake akamwuliza, huku akiangalia karai: "Tutafilisika kwa ajili ya mwezi au miwili?" Shelina anasema alipiga hesabu kichwani, akaona hawatafilisika, watabanwa tu. Akakubali. Tupokigwe atachukua likizo kamili ya mwaka huu. Za nyuma wamekubaliana kwamba zitalipwa atakapoondoka kwa notisi halali.

Vaileth aliposikia alitikisa kichwa. "Kwa hiyo mama unaondoka ili urudi uje kuondoka?"

"Ndiyo. Na nikikuta umeunguza giligilani, siondoki ng'o."

Sasa safari ni Jumamosi. Tupokigwe amenunua sweta, kwa sababu la zamani liliisha na huku mjini hakuwa na haja nalo, na gauni lenye maua makubwa ya njano ambalo Lusungu amelicheka kwa siku tatu. Hakuna nguo nyeusi kwenye begi. Amemnunulia mama yake sukari, kanga na dawa ya kuchua magoti.

Mipango ya baadaye anayo. Akirudi ataaga inavyopasa, kisha ataanza kukaanga karanga na kuzifunga kwenye vipakiti kwa ajili ya maduka ya Kiwalani na Vingunguti, kazi isiyo na pilipili. Muharram ijayo, anasema, ataonekana Upanga kama kawaida, ila safari hii hatashika mwiko, atamwachia Shelina akoroge.

Juzi, hatimaye, alimpigia mama yake. Simu ilishikwa na mpwa, ikawekwa kwenye sikio la bibi. Walizungumza Kinyakyusa, na Tupokigwe anayarudia mazungumzo hayo kwa Kiswahili taratibu, kama mtu anayebeba maji bila kutaka yamwagike.

Mama aliuliza amekufa nani. Akajibiwa hakuna. Akauliza tena, mara ya pili, mara ya tatu, akitaja ndugu mmoja mmoja kwa jina, na kila aliyetajwa alikuwa mzima.

"Akawamaliza wote," anasema Tupokigwe. "Halafu akaniuliza, sasa ukija bila msiba, utakaa mpaka lini? Nikamwambia, mama, mpaka utakaponichoka."

Anafuta macho kwa ncha ya kitambaa, anasingizia moshi ingawa karai limekwisha kupoa.

"Akaniambia, basi kazini kwenu watakungoja sana."