Unga wa Muhogo Kwenye Injini

Kila nikisikia harufu ya oili inayoungulia kwenye injini, ninamwona mama akitoka jikoni na bakuli la unga wa muhogo.

Baba alikuwa na gari kuukuu alilolipenda mno. Siku hiyo ya unga, kesho yake lilitakiwa kumpeleka shangazi, bibi harusi wetu, kanisani Kituntu, na lilikuwa linavuja oili. Siku mbili nzima baba alikuwa ameshinda uvunguni, amelalia majani makavu ya migomba, akikaza nati za chini. Matone hayakukoma.

"Bati likivuja, maji huangukia mbali na tundu," mama alisema. "Hebu ifute injini yote ikauke."

Baba akafuta huku akinung'unika. Mama akainyunyizia unga hadi ikawa nyeupe pe.

"Haya, washa."

Tukainama sote kutazama. Muda si muda mstari mweusi ukachomoza kwenye kifuniko cha juu kabisa, ukateremka taratibu nyuma ya injini, mpaka kulekule baba alikokuwa akihangaika.

Baba, aliyekuwa haambiwi kitu kuhusu lile gari, akavua kofia.

"Shikamoo," akamwambia mama.

"Marahaba. Sasa kaza huko juu," mama akaitika, akarudi jikoni kwenye ndizi zake.