Jino la Mgeni wa Magindu

Siku yangu ya kwanza maabara nilipiga chafya juu ya jino la marehemu. Joto lilinishinda, nikashusha barakoa. Majibu yalipotoka, Mkuu wa Kitengo aliniita, uso mkavu.

"Hongera, Zuhura. Marehemu tumempata. Ni wewe."

Nilikuwa nimeliachia jino vinasaba vyangu, yaani zile alama za mwili tunazorithi kwa wazazi, na za wafanyakazi wote zilikuwa kwenye kumbukumbu. Tangu hapo wenzangu waliniita Marehemu, nami niliitika.

Miaka ikapita. Kulikuwa na jalada la mwanamume ambaye mifupa yake iliokotwa na wafugaji wa Magindu, fuvu limepasuliwa kwa panga. Hakutambuliwa, wanakijiji wakamzika. Vipimo vilipoboreka, Mkuu wa Upelelezi alipata kibali cha mahakama, kaburi likafukuliwa, tukachukua gego, maana ndani ya jino vinasaba hudumu. Kisha nikatumwa Kisarawe kwa Bi Mwanahawa, aliyepotelewa na mwanawe Salum, nikachukue mate yake tulinganishe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mate sikupi. Mkisema ni yeye, nitajua mwanangu kalala porini bila kuswaliwa. Bora nisijue."

Nikakaa, tukamenya mihogo, nikamsimulia chafya yangu. Alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha akafungua kinywa.

"Haya, chukua. Ila hiyo barakoa ipandishe!"

Majibu yalisema ni mwanawe. Jina la Salum ndilo lililompa Mkuu wa Upelelezi pa kuanzia, na muuaji akakamatwa. Lakini mimi nilikuwa nawaza safari ya kumpeleka mama kaburini, na niliiogopa kweli, maana sikujua kama aliswaliwa.

Tulikuta kaburi limefyekwa, limezungushiwa mawe. Imamu wa kijiji akatupokea.

"Tulimswalia, mama. Na kila khitma tunamwombea. Jina hatukulijua, basi tunasema, 'na mgeni wetu'."

Bi Mwanahawa alikaa chini akalia. Nikamuuliza kama tumhamishie Kisarawe.

"Mwacheni. Hapa ana wenyeji."

Sasa nimestaafu, nina duka dogo Maili Moja. Vijana wakiniuliza kuhusu mashine za vinasaba, nawaambia mashine ni nzuri, lakini kajifunzeni kwanza kumenya mihogo. Juzi nilialikwa khitma Magindu, nikakaa na Bi Mwanahawa. Imamu akaanza kuwataja marehemu, akafika mwisho, mazoea yakamshinda: "Na mgeni wetu..."

Kijiji kizima kikamkatiza: "Salum!"